Gemu ya mzingile ni ipi hasa?

Mzingile ni vichochoro vilivyopindana hata aliyeingia asijue pa kutokea. Gemu ya mzingile inakuwekea vichochoro hivyo kwenye skrini, ukivitazama kutoka juu, halafu inamwachia mtu akukimbize humo. Kuta, wewe, na anayekufukuza: vikipatikana vitatu hivyo, gemu ya mzingile imekamilika. Kula nukta, jambo ambalo wengi hulidhani ndilo lenyewe, kulikuja baadaye. Mwaka 1973 kampuni ya Atari ilitoa Gotcha, mashine ya watu wawili, mmoja anakimbia na mwingine anamfuata huku kuta zikibadilika, wala hakuna anayekula chochote. Nukta za kuokota tunazikuta mwaka 1979 katika Head On, gemu ya magari. Mwaka uliofuata Toru Iwatani wa Namco, Japani, akaleta Pac-Man, na tangu hapo dunia nzima ikajua mzingile ni kitu gani.

Ila mimi nikitaka kumweleza mtu dhana hii simwanzishii kwa Pac-Man. Namwanzishia kwa Munchkin.

K.C. Munchkin! ilitoka mwaka 1981 kwa ajili ya Odyssey², mashine ya nyumbani ya Magnavox iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1978 na ambayo leo ni wachache wanaoikumbuka. Ulaya iliuzwa na Philips kwa jina la Videopac G7000. Ilikuwa na kibodi bapa ya kugusa, prosesa ya Intel 8048, na kumbukumbu ndogo mno: baiti 64 ndani ya prosesa na 128 nje yake. Chipu yake ya picha ilichora kuta za gridi, maumbo manne ya kutembea, na alama 12 za pekepeke, mbali na makundi machache ya alama. Pac-Man wa mashine kubwa za kumbi za michezo ana nukta 240 na vidonge vinne vya nguvu. Hapa zisingeenea.

Ed Averett, aliyeitunga, akaweka nukta 12 tu, kisha akazitia miguu. Nne kati yake humetameta, na ukila mojawapo unapata nafasi fupi ya kuwageukia wanaokufukuza, ambao ni watatu. Munchkin, yaani mlaji unayemwongoza, na hao watatu, jumla wanne, idadi ileile ya maumbo ambayo chipu iliyaweza.

Kwa Pac-Man nukta zimetulia, kwa hiyo mchezaji huikariri njia hadi mkono ukaenda wenyewe. Kwa Munchkin hakuna cha kukariri. Nukta zikipungua zinazidi mbio, na ile ya mwisho inakwenda sawasawa na wewe. Ukiifuata kwa nyuma huipati ng'o. Lazima uache kichochoro ilichopita, uzungukie upande wa pili, uilaki kwenye kona, na watatu wale bado wako mgongoni. Hapo ndipo ukuta unapoonyesha kazi yake: unakuzuia wewe, na unamzuia unayemtaka. Kuna hata mizingile ambayo kuta zake hutoweka Munchkin anapotembea, na ukipenda unajenga wa kwako kwa kibodi.

Atari, waliokuwa na haki ya kuuza Pac-Man wa nyumbani, wakawashtaki Philips, wenye Magnavox. Walikataliwa zuio la kuuzwa kwa Munchkin mara ya kwanza, lakini Machi 1982 Mahakama ya Rufaa huko Chicago ikawapa. Majaji walisema mzingile, hesabu ya pointi na njia za kutokea pembeni ni vifaa vya kawaida vya mchezo. Kilichowaponza Philips ni sura: mlaji mwenye mdomo wa pembe na vizuka vinavyomfukuza, vilivyofanana mno na vya Pac-Man. Naona uchungu kwamba nukta zinazokimbia, ambazo hazikuigwa kwa Pac-Man, ziliondolewa madukani pamoja na sura hizo.

Mwaka huohuo Munchkin alirudi katika K.C.'s Krazy Chase! Safari hii anamla jongoo mrefu aitwaye Dratapillar, pingili kwa pingili, huku kichwa cha jongoo huyohuyo kikimwinda. Chakula na adui vimekuwa kiumbe kimoja.