Nyumba ya Siku Saba: Yanayosemwa na Watazamaji, na Yaliyo Kweli

Extreme Makeover: Home Edition, kipindi cha televisheni cha kuzijengea familia zenye shida nyumba mpya bure, ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani mwezi Desemba 2003 na ikadumu hadi 2012. Mwaka 2020 ilifufuliwa na kituo kingine, HGTV, na 2025 ikarudi ABC. Waliokitazama kipindi hiki enzi zake wanamkumbuka mtangazaji wake, Ty Pennington, akiwa ameshika kipaza sauti mlangoni kwa watu asubuhi, akiwaamsha kwa kelele. Familia inapelekwa likizo, nyumba ya zamani inavunjwa, na baada ya wiki moja umati unapaza sauti kwamba basi lililoegeshwa mbele liondolewe ili wenyewe waione nyumba mpya. Hapo wote wanalia, na wewe uliyeko kwenye kochi unalia pia.

Nakipenda kipindi hiki, ndiyo maana yananiuma baadhi ya maneno yanayorudiwa kila kinapotajwa. Watazamaji wanajadili sana tabia za familia: nani mwenye shukrani, nani mwenye tamaa, nani analia kweli. Lakini hatima ya familia zile iliamuliwa zaidi na mambo ambayo kamera haiyaonyeshi, yaani mikataba, kodi, bili na mikopo.

"Nyumba ya siku saba haiwezi kuwa imara"

Anayesema hivi ana sababu. Uimara wa zege kwa kawaida hupimwa likifikisha siku 28, na mtu aliyezoea kuta za tofali anajua plasta inavyohitaji kumwagiliwa maji na kuachwa ikomae. Siku saba zinaonekana ni mchezo.

Usione vyaelea, vimeundwa. Siku saba zile ni za kazi ya pale kiwanjani tu. Ramani, vibali, orodha ya vifaa na ratiba ya kila fundi vilikuwa vimeshaandaliwa kabla Pennington hajagonga mlango. Kazi yenyewe ilikwenda usiku na mchana kwa zamu, mamia ya watu kwa mara moja, na wakaguzi wa majengo walikuwa karibu ili fundi umeme asilale akisubiri mtu aje kukagua nyaya zake. Nyumba nyingi za Marekani ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa vibao vya jasi (gypsum), kwa hiyo hakuna plasta ya kusubiri. Zege la msingi linaweza kuchanganywa na kemikali za kuliharakisha, likapata nguvu ya kubeba kuta ndani ya muda mfupi. Hizo siku 28 ni kipimo cha kulinganishia. Hakuna anayesema fundi asisimamishe ukuta mpaka zitimie.

Tena siku saba ni nyingi. Desemba 2002, huko Shelby County, Alabama, shirika la Habitat for Humanity lilijenga nyumba kwa muda wa saa 3, dakika 26 na sekunde 34. Maandalizi ndiyo yaliyochukua muda mrefu.

Haraka ina gharama yake, hilo halina ubishi. Mbao ikifungiwa ndani ya ukuta kabla haijakauka sawasawa, baadaye inasinyaa na kujipinda, na nyufa zinatokea kwenye maungio ya jasi. Rangi iliyopakwa juu ya rangi mbichi hubanduka. Hizo ni kasoro za umaliziaji, zinarekebishika. Kuziita dalili kwamba nyumba itaanguka ni kutia chumvi.

"ABC ndiyo iliyowapa nyumba"

Hapa watazamaji wanawanyima haki watu wengi. Kituo kilileta kamera, watangazaji, wabunifu na jina. Mzigo wa ujenzi ulibebwa na mkandarasi wa eneo lile lile, ambaye aliwaomba wauza mbao, wenye magari ya zege, mafundi bomba na mafundi paa anaofahamiana nao watoe vifaa na nguvu zao bure. Sears, aliyekuwa mdhamini mkuu, alitoa vyombo vya nyumbani na zana. Wananchi wa kawaida walijitokeza kwa mamia kubeba, kufagia na kupika chakula cha mafundi.

Mfano ulio wazi ni Joplin, Missouri. Tarehe 22 Mei 2011 kimbunga kiliupiga mji huo na kuua zaidi ya watu 150. Kipindi kilikwenda huko kikajenga nyumba saba kwa siku saba, na sehemu hiyo ilionyeshwa Januari 2012. Baadhi ya watu waliojitolea kujenga walitoka katika eneo ambalo lenyewe lilikuwa kwenye kifusi. Ukiangalia sehemu ile ukaishia kuisifu televisheni peke yake, umewaruka wenye kazi.

"Familia zile zilipoteza nyumba kwa tamaa"

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na kwa ukali zaidi, kana kwamba msemaji alikuwa jikoni kwao wakipanga bajeti.

Kwanza, si kweli kwamba zote zilipoteza nyumba. Kipindi kilijenga zaidi ya nyumba 200 katika miaka yake ya kwanza. Zilizofika kwenye magazeti kwa sababu ya madeni au mnada ni chache, na zilifika huko kwa sababu habari ya nyumba ya bure inayopigwa mnada inauza gazeti. Familia inayoishi kwake kwa amani haiandikwi.

Pili, hata zile zilizopata shida hazikufanana. Kisa kinachotajwa kila mara ni cha familia moja ya karibu na Atlanta, Georgia, iliyojengewa mwaka 2005 na watu wa kujitolea zaidi ya 1,800. Wajenzi walichangisha pia dola 250,000 kwa ajili ya masomo ya watoto na matunzo ya nyumba. Baadaye wenye nyumba waliiweka dhamana wakachukua mkopo wa dola 450,000 wa kuanzisha biashara ya ujenzi. Biashara haikwenda, na mwaka 2008 nyumba ikatangazwa kupigwa mnada. Waliojitolea walikasirika, na hasira yao naielewa. Mtu aliacha usingizi wake akapigilia misumari kwenye mvua.

Lakini utazame mwaka. Katikati ya miaka ya 2000, benki za Marekani zilikuwa zikigawa mikopo kwa kuangalia thamani ya nyumba zaidi ya kipato cha mkopaji. Kisha soko la nyumba likaporomoka, na mamilioni ya Wamarekani ambao hawakuwahi kuonekana kwenye televisheni yoyote wakanyang'anywa nyumba zao kwa njia hiyo hiyo. Kuichagua familia moja kati ya hao na kuifanya mfano wa tamaa si haki.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka watu walishike: nyumba kubwa inakula. Familia ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa imebanwa, mara nyingi na ugonjwa, ulemavu au msiba. Kipato chake hakikuongezeka wiki ile. Kilichoongezeka ni vyumba, madirisha, mashine za kupoza na kupasha hewa joto, taa, labda na bwawa. Bili ya umeme ikapanda. Bima inayokokotolewa kwa gharama ya kuijenga nyumba upya ikapanda. Na kodi ya majengo, ambayo katika maeneo mengi ya Marekani hutozwa kila mwaka kwa kufuata thamani ya nyumba, nayo ikapanda, maana kibanda chenye paa linalovuja na jumba jipya havikadiriwi sawa. Hakuna mdhamini anayekuja mwaka wa nne kulipa hizo. Baadhi ya wakandarasi waliliona hili mapema, wakachangisha fedha za kulipia deni la zamani la nyumba au matunzo. Hao ndio waliofikiria sawasawa, na laiti kila sehemu ingeanzia hapo.

Kwa hiyo mtu anapouliza kwa nini waliuza, na akajijibu papo hapo kwamba hawana shukrani, swali la maana limempita. Kuuza nyumba usiyoweza kuitunza, ukanunua ndogo na kubaki na akiba, ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

"Walisaini wenyewe, sasa wanalalamika nini?"

Mwaka 2005 kipindi kilionyesha ndugu watano mayatima wa California waliokuwa wamepokewa na familia nyingine. Nyumba ya familia ile ikajengwa upya, ikawa jumba kubwa. Ndugu wale wakaondoka muda si mrefu baadaye, na jumba likabaki kwa wenye kiwanja. Ndugu hao wakafungua kesi. Watazamaji wengi wakasema ni wachoyo, walisaini mkataba.

Mkataba wenyewe ulikuwa na kurasa 24 zilizobanana na vifungu 72. Mkubwa wa wale ndugu alikuwa na miaka 21, wazazi wote wawili wamefariki mwaka uliotangulia, na hakukuwa na wakili upande wao. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachowapeleka kwa msuluhishi badala ya mahakamani. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya California ilikiangalia kifungu hicho ikasema hakikuwa cha haki na hakiwezi kuwafunga. Uamuzi ule haukusema nyumba ni ya nani. Ulisema tu kwamba sahihi ya mtu haitoshi kuhalalisha kila kitu kilichofichwa kwenye karatasi, hasa pale upande mmoja ni kampuni yenye mawakili na upande wa pili ni vijana waliofiwa.

"Zawadi ni zawadi, haina kodi"

Marekani inatoza kodi ya mapato hata kwenye zawadi za vipindi vya televisheni. Watayarishaji wa kipindi hiki walipita njia nyingine: waliikodi nyumba ya familia kwa siku za kurekodi, zisizofika 15, na maboresho yakahesabiwa kama kodi ya pango. Sheria ya huko inasema anayepangisha makazi yake kwa siku zisizofika 15 kwa mwaka halipi kodi ya mapato kwa pango hilo. Wataalamu wa kodi walibishana kama sheria iliyotungwa kwa pango la siku chache inaweza kubeba nyumba nzima. Kodi ya majengo iko palepale, haiguswi na ujanja huo.

"Yale yote ni maigizo"

Inategemea unasema nini. Mpangilio wa matukio hupikwa, hilo liko wazi. Mwaka 2012 mshiriki mmoja wa House Hunters, kipindi cha watu wanaotafuta nyumba ya kununua, alieleza hadharani kwamba alikuwa ameshanunua nyumba yake kabla hajaanza kurekodiwa "akitafuta", na kituo hakikukana kwamba huchukua watu waliokwisha kufika mbali katika ununuzi. Kwenye Fixer Upper, kipindi cha kukarabati nyumba kuukuu kilichoanza 2013 huko Waco, Texas, samani nyingi unazoziona siku ya mwisho hazibaki kwa mwenye nyumba asipozilipia.

Grand Designs ya Uingereza, kipindi cha watu wanaojijengea nyumba, inayoongozwa na Kevin McCloud tangu 1999, iko kinyume kabisa. Mwenye nyumba anajilipia mwenyewe, kamera zinamfuata kwa miezi au miaka, na zikimwishia fedha zinamwishia kweli. Kuvitia vipindi vyote hivi kapu moja ni kutovitazama.

Ila machozi ya mama anayeona kwa mara ya kwanza mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu cha mwanawe, sijui kwa nini mtu ayaite maigizo. Kupanga saa ya basi kuondoka hakumfundishi mtu kulia.

"Kama wao wanavunja ukuta kwa nyundo, na mimi naweza"

Hii ndiyo dhana inayoweza kumdhuru mtazamaji mwenyewe. Siku ya kubomoa ni sherehe kwenye televisheni: nyundo kubwa, vicheko, jasi inapasuka, vumbi jeupe linatanda chumba kizima na kutua kwenye nywele za watu. Kamera inalipenda vumbi lile. Kinachokosekana kwenye picha ni kilichomo ndani yake.

Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978. Nyumba za kabla ya hapo zinaweza kuwa nayo chini ya matabaka mapya, na ukivunja au kupiga msasa inakuwa vumbi. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Maafisa wa EPA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, walizipitia picha za Fixer Upper zenyewe na kuona kazi ikifanywa bila tahadhari zinazotakiwa. Mwaka 2018 Magnolia Homes, kampuni ya Chip na Joanna Gaines, mume na mke wanaoonekana kwenye Fixer Upper, ilikubali kulipa faini ya dola 40,000 kwa makosa yaliyohusu nyumba 33, na kutumia dola 160,000 kuondoa hatari ya risasi kwenye nyumba za Waco. Chip Gaines aliizungumzia hatari hiyo kwenye kipindi chenyewe, na hilo nalihesabu kwake kama jambo jema.

Ukuta wa nyumba ya zamani unapimwa kwanza. Ikionekana kuna risasi, chumba kinafungwa kwa plastiki, watoto na wajawazito wanaondolewa, sehemu inayobanduliwa inaloweshwa maji ili vumbi lisiruke, na usafi unafanywa kwa kitambaa chenye maji na mashine yenye chujio maalumu la vumbi laini. Ufagio haufai, maana unalirusha tena hewani. Kazi hiyo inachosha na haina cha kuchekesha, kwa hiyo usitarajie kuiona ikipewa dakika nyingi hewani.