Duka jipya la nzi wa kuvulia likifunguliwa, bei hushukia wapi?

Mwezi uliopita binti niliyemfundisha kazi kwa miaka sita alinijia karakanani na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. Nikajua kuna jambo.

"Mwalimu," akaniambia, "nimefungua yangu."

Nilimkumbatia. Kisha akanionyesha kwenye simu bei alizowatangazia wateja, na furaha ikanipungua. Dazeni yake ilikuwa chini ya yangu kwa karibu theluthi moja. Nzi ni wale wale, ndoana za namba zile zile, mikono niliyoinoa mwenyewe. Sikumlaumu. Nilimvutia kiti tukazungumza hadi jioni, na mengi niliyomwambia nayaandika hapa, kwa sababu simu za watu wanaotaka kufungua karakana au duka la nzi zimekuwa nyingi.

Kwa asiyejua, nzi wa kuvulia ni chambo bandia. Unabana ndoana kwenye jiliwa, kisha unaizungushia uzi, manyoya ya ndege na nywele za mnyama mpaka samaki aione kama mdudu. Hana uzito wa maana, ndiyo maana huwezi kumrusha kwa mshipi wa kawaida. Mshipi wenyewe ndio wenye uzito, na ufito, yaani fimbo ya kuvulia, unaurusha mshipi ukimbeba nzi. Uvuvi huu tuliletewa pamoja na samaki wake: mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland, wakapandwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Kazi ya kufunga nzi nayo ilishika mizizi enzi za ukoloni, na leo nzi waliofungwa Kenya wanauzwa katika maduka ya Uingereza na Marekani. Mzungu wa Montana anaweza kumtoa mfukoni nzi aliyefungwa na mama wa Nairobi bila kujua.

Kufungua ni rahisi, na hapo ndipo mtego ulipo. Jiliwa, mkasi, kishika uzi, gundi, meza yenye mwanga mzuri, basi. Fundi aliyeajiriwa anaona nzi mmoja akiuzwa dola mbili au tatu dukani Marekani, anahesabu anacholipwa yeye kwa dazeni, anasema: naondoka. Ana haki ya kusema hivyo. Nami niliondoka hivyo hivyo.

Ila akishafungua, anakuta ndoana nzuri zinatoka nje ya nchi na bei yake haimhurumii mtu. Shanga za tungsteni, zile za kumzamisha nzi, vivyo hivyo. Manyoya ndiyo usiseme. Nzi wa kuelea anahitaji manyoya ya shingo ya jogoo yenye nyuzi ngumu, zinazong'aa, zinazosimama juu ya maji kama miguu ya mdudu. Kuna majogoo wanaofugwa Marekani, vizazi na vizazi, kwa ajili ya manyoya hayo tu. Unyoya mmoja ni mrefu na mwembamba kiasi kwamba unafunga nzi kadhaa bila kubadilisha. Jogoo wetu wa sokoni ana unyoya mfupi, wenye pamba laini karibu na shina. Pamba hiyo hunywa maji. Kwa nzi wa kuzama unafaa sana, na mimi nautumia. Kwa nzi wa kuelea, baada ya kurushwa mara tano anazama, na mvuvi hatakuja tena dukani kwako.

Sasa fikiria. Ndoana hupunguziwi, shanga hupunguziwi, manyoya hupunguziwi. Ukitaka kumshinda jirani kwa bei, pa kukata pamebaki pawili: ubora wa malighafi, au malipo ya fundi. Karibu wote huanza na fundi. Fundi analipwa kwa dazeni, kwa hiyo malipo yakishuka ataongeza kasi ili apeleke nyumbani kile kile cha jana. Kasi hiyo utaiona kwenye nzi. Kichwa kinakuwa kikubwa na gundi inaziba tundu la ndoana. Hili la tundu ndilo kosa linalowaudhi wavuvi kuliko yote: mtu yuko mtoni alfajiri, vidole vimekufa ganzi, mshipi haupiti. Manyoya nayo yanafungwa marefu mno, wakati kipimo cha nzi wa kuelea ni takriban mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana.

Wageni wengi wa biashara hii pia hawaujui mwendo wa mwaka. Oda kubwa za Ulaya na Marekani huwekwa mapema, ili mzigo ufike kabla ya machipuo yao. Miezi hiyo mafundi hukesha. Ndipo mtu anafungua, anaona kazi imejaa, anaajiri watu kumi na kukodi chumba kikubwa. Halafu oda zinapoa, kodi haipoi, naye anaanza kuuza akiba yake kwa bei ya kutupa, na bei ya soko zima inamfuata. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja, na kila mara wa kwanza kurudi nyumbani bila kitu ni wanawake waliokaa kwenye jiliwa.

Kwa hiyo nilimuuliza binti yangu: "Unamuuzia nani?"

"Yeyote anayenunua, Mwalimu."

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu. Duka dogo haliwezi kumuuzia kila mtu. Mteja wa mto Thego au Gura anataka ufito mwepesi, wa namba 3 hadi 5, na nzi wadogo: namba 14, namba 16. (Kumbuka, namba ikipanda ndoana inapungua. Wauzaji wapya hulikosea hili kila siku.) Kwa ufito ni kinyume, namba ikipanda ufito unakuwa mzito: nimewahi kukutana na kijana aliyeuziwa ufito wa namba 8 kwa ajili ya kijito cha mlimani unachoweza kukivuka kwa hatua sita. Alitumia pesa nyingi, na hakufurahia hata siku moja. Ufito huo ulikuwa wa kwenda Tanzania, kwenye mito Mnyera na Ruhudji kule Kilombero, ambako kuna tigerfish wenye meno yanayokata mshipi kama wembe. Huko unahitaji kipande cha waya mbele ya nzi, na ndoana kubwa, nene, ambayo hainyooki. Na ukienda Watamu kutafuta sulisuli au kolekole, ndoana isiyostahimili chumvi itashika kutu kabla ya safari kwisha.

Hizo ni biashara tatu tofauti, na mtu anayeijua moja vizuri hana haja ya kupigana bei na anayeijua nyingine. Mwenye duka aliyesimama ndani ya mto anajua kwamba mvua ikinyesha mlimani na maji yakawa ya kahawia, unachukua nzi mkubwa mweusi anayeonekana, unaacha wale wadogo. Mteja atalipia ushauri huo bila kuulizia punguzo, maana umemwokolea siku yake.

Binti hakukubali yote. Alisema wateja wa mtandaoni hutazama bei kwanza, na kwamba yeye hana jina kama langu. Ni kweli. Nikamwambia achague aina tano tu za nzi wa baharini, azifunge kuliko mtu yeyote mjini, na mimi nitawaelekeza kwake wateja wangu wa pwani, kwani sijawahi kuwa hodari wa nzi hao.

Jumamosi alirudi na dazeni mbili za kwanza. Tukajaza beseni maji ya chumvi, tukawalaza humo usiku kucha. Asubuhi tukawavuta mmoja mmoja kwa koleo. Wawili walifumuka. Akawachana kwa wembe, akarudi kwenye jiliwa yangu, akaanza upya.