Shilatembo kwa basi la Likasi: yanayosemwa mjini na yaliyo kweli

Nimekulia Lubumbashi. Barabara ya Likasi nimeipita mara nisizoweza kuhesabu, nikienda kwenye misiba, arusi na kuwaona ndugu, lakini Shilatembo nilifika kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nina watoto. Miaka yote ile niliamini niliyoyasikia mtaani: kwamba ni mbali, ndani ya pori, na kwamba anayefika ni mwenye gari aina ya jipu au mtu wa serikali siku ya sherehe. Kumbe nilikuwa napapita ndani ya basi huku nasinzia.

Shilatembo ndipo Patrice Emery Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipopigwa risasi pamoja na wenzake wawili usiku wa tarehe 17 Januari 1961 akiwa na umri wa miaka 35. Ni karibu kilomita 50 kutoka Lubumbashi, kwa upande wa barabara ya Likasi, katika teritwari ya Kambove. Inaniuma kuona mtoto wa Kenya au wa Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, anamaliza shule bila kukanyaga pale, ilhali gari linalopita huko hupakia abiria kila siku mjini kwake. Ndiyo maana naandika haya, nikianza na safari yenyewe.

“Bila gari lako hufiki”

Si kweli. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120 za lami, Barabara ya Taifa namba 1, na Shilatembo haifiki hata nusu ya njia hiyo. Muulize mtu yeyote mjini magari ya Likasi yanapakilia wapi, atakuonyesha. Chagua yale mabasi madogo yanayojaza watu na kuondoka, kwa kuwa hayo yamezoea kushusha na kupandisha njiani. Basi kubwa lenye tiketi na namba za viti halipendi kusimama kabla ya Likasi. Hata likikubali, utalipa nauli nzima kama mtu anayefika mwisho. Kwenye basi dogo nauli inazungumzwa, na izungumzwe kabla hujakaa, maana gari likishaondoka huna tena nguvu ya kubishana.

Wengine wanafikiri ukishataja jina mara moja basi, kazi imekwisha. Hapo ndipo mimi nilipokosea. Mara yangu ya kwanza nilimwambia yule kijana wa mlangoni anayekusanya nauli, akaitika vizuri, nami nikatulia. Muziki ulikuwa juu, gari limejaa mpaka mlangoni. Nilizinduka nilipoona akina mama wameinua mabeseni ya samaki hadi kwenye madirisha, wengine wabichi, wengine wa moshi, kila mmoja anaita bei yake. Tulikuwa Kapolowe. Aliyezoea njia ile anajua maana yake: samaki wa Kapolowe wakifika dirishani kwako, Shilatembo umeiacha nyuma zamani. Nilishuka, nikavuka barabara, nikangoja sana mpaka gari moja lenye magunia ya makala (makaa) lilipokubali kunirudisha.

Tangu siku hiyo nakaa mbele, karibu na shofere mwenyewe, na namwambia kabla ya kuondoka: “Papa shofere, miye nashukia ku Shilatembo, kwa Lumumba.” Hayo maneno mawili ya mwisho yana kazi, kwa sababu wapo mashofere wasioijua Shilatembo kwa jina ila “kwa Lumumba” wanapajua. Tukishapita peaje, pale magari yanapolipia barabara, namkumbusha tena. Si utovu wa adabu, na wengi hushukuru.

Kazi iko kwenye kurudi, jambo ambalo mjini sijamsikia mtu akilitaja. Shilatembo hakuna gari linalopakia. Unasimama pembeni ya lami na kupungia magari yanayotoka Likasi, na mengi yanakuja yamejaa. Kwa hiyo ondoka asubuhi na mapema, na uwe umerudi barabarani jua likiwa bado juu. Njia hii ndiyo inayobeba malori ya shaba na kobalti kutoka upande wa Kolwezi kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, na lori likiharibika usiku linaweza kukaa katikati ya barabara bila taa. Sikushauri kungoja gari gizani.

Beba maji, chakula na kadi yako ya uchaguzi, maana vizuizi viko. Kuanzia Novemba mpaka Machi vaa viatu visivyoogopa tope. Ukifika, msalimie kwanza utakayemkuta pale na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

“Basi ni siku ya tarehe 17 Januari tu”

Tarehe 17 Januari ni sikukuu ya taifa, siku moja baada ya ile ya kumkumbuka rais Laurent-Désiré Kabila aliyeuawa tarehe 16 Januari 2001. Siku hiyo utapata watu, hotuba na maua. Lakini magari ya Likasi yanatembea wiki nzima, na kwangu mimi siku ya kawaida ni bora. Unasikia upepo kwenye miombo. Unapata muda wa kufikiri kwamba Lumumba na wenzake hawakuuona mwitu huo mchana: waliletwa usiku, wakapangwa mbele ya taa za magari.

“Kaburi la Lumumba liko pale”

Hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote, na linatoka hata kwa watu waliosoma. Chanzo chake nakielewa. Mwezi Juni 2022 tuliona jeneza lenye bendera likiletwa Shilatembo, watu wakilia, viongozi wakisimama. Aliyefuata habari nusu alidhani anazikwa.

Ukweli ni mchungu zaidi. Shilatembo hakuna mwili. Usiku ule wa mauaji maiti tatu zilifukiwa haraka palepale. Baadaye waliohusika waliogopa zitaonekana, wakazifukua na kuzipeleka upande wa Kasenga. Kisha zikafukuliwa tena, zikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi ya salfuriki ili lisipatikane kaburi la kutembelewa na mtu. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, na miaka mingi baadaye alikiri mwenyewe. Alikuwa ameweka jino la Lumumba kama mtu anayeweka pembe ya mnyama aliyemwinda.

Jino hilo vyombo vya sheria vya Ubelgiji vililichukua mwaka 2016 kwa binti yake Soete, baba akiwa ameshakufa. Tarehe 20 Juni 2022 familia ya Lumumba ilikabidhiwa jijini Brussels. Jeneza lenye jino hilo likazungushwa nchini: Sankuru alikozaliwa, Kisangani kwenye ngome yake ya siasa, na huku kwetu Shilatembo. Tarehe 30 Juni 2022, siku ya uhuru, likawekwa Kinshasa, Limete, kwenye jengo la kumbukumbu chini ya ule mnara mrefu. Anayetafuta kaburi aende Limete. Anayekuja Shilatembo anakuja mahali damu ilipomwagika, na hapo naomba tupaheshimu kwa jina lake halisi.

“Alitoroka gerezani, wanakijiji wakamuua”

Nimewasikia wazee wawili wakilisema hili bila shaka yoyote. Siwalaumu, maana ndivyo walivyotangaziwa na redio. Tarehe 13 Februari 1961 Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga tangu tarehe 11 Julai 1960, alitangaza kwamba Lumumba na wenzake walitoroka na kuuawa na watu wa kijiji fulani. Jina la kijiji hakulitaja.

Siku alipotangaza hayo, Lumumba alikuwa amekufa karibu wiki nne. Kumbuka tu mtiririko wa siku ile. Tarehe 17 Januari walitolewa kwenye kambi ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, wakapelekwa Moanda, wakapandishwa ndege aina ya DC-4. Walipigwa ndani ya ndege njia nzima. Walitua Luano alasiri, uwanja uleule tunaoutumia sisi hadi leo. Kabla ya saa nne za usiku huohuo wote watatu walikuwa wameshakufa. Muda wa kutoroka ungetoka wapi?

Ndani ya uongo huo kuna dhuluma ya pili. Lawama iliwekwa juu ya vichwa vya watu wa vijijini ambao hawakugusa kitu.

“Aliuawa ndani ya ile nyumba karibu na Luano”

Hapa kosa lina historia ya heshima. Kutoka uwanja wa ndege mateka walipelekwa kwenye nyumba ya Mbelgiji aliyeitwa Brouwez, wakafungiwa humo na kuteswa tena, mawaziri wa Katanga wakija kuwatazama. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, iliyotoa ripoti yake Novemba 1961, iliukataa uongo wa kijiji, lakini ikaona kwamba yaelekea waliuawa katika nyumba iliyo karibu na mji. Miongo ilipita kabla ushuhuda wa waliokuwepo haujaeleza safari ya mwisho: magari yaliyotoka kwenye nyumba ile yakashika barabara ya Jadotville, yaani Likasi ya leo, mpaka kwenye miti ya Shilatembo. Ni barabara hiyohiyo ya basi letu. Ukisoma vitabu vya zamani na kuona Elisabethville (ndiyo Lubumbashi) na Jadotville, usidhani ni kwingine. Majina yalibadilika mwaka 1966.

Nani alimuua?

Swali hili huwasha moto ndani ya basi lolote. Mmoja anasema ni Wazungu peke yao, mwingine ni Wakatanga peke yao, wa tatu anaapa ni Wamarekani.

Tuanze na Wamarekani. Ni kweli kwamba shirika lao la ujasusi, CIA, lilipanga kumuua Lumumba: mwezi Septemba 1960 mtaalamu wao Sidney Gottlieb alileta sumu mpaka Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Sumu hiyo haikutumika. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyochunguza jambo hili mwaka 1975 haikupata ushahidi kwamba CIA ilishiriki katika mauaji yenyewe. Hilo haliwasafishi, maana walitaka afe na walifurahia kuondoka kwake, lakini si mkono wao uliofyatua risasi Shilatembo.

Kinshasa nako kuna mzigo wake. Rais Kasavubu alimfukuza Lumumba kazini tarehe 5 Septemba 1960, Mobutu akashika nguvu siku chache baadaye, na ni wakubwa wa kule waliokubali apelekwe Katanga wakijua vizuri nani anamngoja.

Pale Shilatembo, Moïse Tshombe, rais wa Katanga iliyojitenga, na baadhi ya mawaziri wake walisimama wakitazama. Walikuwepo askari na polisi wa Katanga. Waliowaongoza usiku ule ni pamoja na kapteni Julien Gat na kamishna Frans Verscheure, wote Wabelgiji. Bunge la Ubelgiji liliunda tume, na mwaka 2001 ikasema kwamba Ubelgiji ina wajibu wa kimaadili katika kifo hiki; mwaka uliofuata serikali yao ikaomba radhi. Kwa hiyo anayesema “Wazungu peke yao” anawaficha wa kwetu, na anayesema “ni sisi wenyewe” anawaficha wao. Mimi ni mtu wa Katanga, na sehemu inayotuhusu sitaki ifichwe kwa ajili ya kunifurahisha.

Kuna na wale wanaosema alikufa kwa ajali ya ndege. Hapo wanamchanganya na Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola, ng’ambo ya mpaka wetu, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Ni mwaka mmoja na mgogoro uleule wa Katanga, lakini ni vifo viwili tofauti.

“Kwa Lumumba”

Nilisema mashofere wanapaita hivyo, na mimi mwenyewe nimepaita hivyo hapo juu. Jina hilo limeacha watu wawili nje. Joseph Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti. Maurice Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo. Walikamatwa kwa sababu walibaki na Lumumba wakati wengi walishamkimbia. Okito ndiye aliyepigwa risasi wa kwanza, kisha Mpolo, na Lumumba akawa wa mwisho, baada ya kuona rafiki zake wote wawili wakianguka.

Mara ya mwisho nilipopanda gari la Likasi nilibadilisha maneno kidogo. Nilimwambia papa shofere nashukia kwa Lumumba, Mpolo na Okito. Alinitazama kwenye kioo, akauliza: “Okito ni nani, yaya?” (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.) Tulikuwa bado na kama kilomita 30 mbele yetu. Aliteremsha sauti ya muziki, nikaanza kumweleza.