Leza inavyoweka sawa pete za silikoni

Mpiga ngoma huiotesha ngoma yake moto kabla ya mchezo, ngozi ikaze na mlio upande. Ikipoa, anarudi motoni. Chipu nyingi za mwanga nazo huwekwa sawa kwa joto, na joto hilo hulipiwa kwa umeme saa zote.

Chipu hizi ni za silikoni, kama za kompyuta, ila ndani yake hupita mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, aghalabu wenye wimbi la nanomita 1550 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ule ule unaosafiri kwenye faiba za chini ya bahari. Njia yake ina upana wa nanomita 500 hivi na kimo cha 220. Unywele mmoja ni mnene kuliko njia hiyo mara 100 au zaidi. Kando ya njia huwekwa pete. Tuchukue pete yenye nusu kipenyo cha mikromita 5: duara lake linaenea mawimbi yapatayo 48 au 49, maana ndani ya silikoni wimbi hufupika. Yakienea mazima, bila kipande kubaki, pete hunasa mwanga huo. Yasipoenea, mwanga unapita zake. Hivyo ndivyo pete inavyochagua mkondo mmoja wa data kati ya mingi.

Upana wa njia ukikosewa kwa nanomita 1, yaani atomi chache tu, wimbi linalonaswa nalo huhama kwa karibu nanomita 1. Mikondo ya data mara nyingi hutengana kwa nanomita 0.8, kwa hiyo pete inadaka data ya jirani. Hata viwanda bora havitoi kila pete kwa usahihi huo. Ndiyo maana kila pete hupewa kijiwaya cha kuipasha moto: nyuzijoto 1 husogeza wimbi linalonaswa kwa takriban nanomita 0.07. Pete zikiwa mamia, hayo ni majiko madogo mamia yasiyozimwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wamefuata njia nyingine, na kwangu ndiyo yenye akili zaidi. Hurusha kwa kasi atomi za gerimani, elementi ya jamii ya silikoni, zipenye ndani ya sehemu ya pete. Mpangilio wa atomi za silikoni unavurugika, na mwanga unapita hapo polepole zaidi. Kisha leza hupasha sehemu hiyo kidogo kidogo, atomi zinajipanga upya, kasi ya mwanga inapanda, na badiliko hilo linabaki hata umeme ukikatwa. Pete husogea upande mmoja tu, kuelekea mawimbi mafupi, kwa hiyo huanzishwa wimbi lake likiwa refu kidogo kuliko linalotakiwa.

Mabadiliko ya joto la chumba bado huisogeza pete, hivyo vijiwaya haviondoki vyote. Lakini kazi yao inapungua sana.

Kinachonivutia zaidi ni kipimo chenyewe. Leza ikiwa kazini, mwanga mwingine hupitishwa kwenye pete, na kwenye skrini panaonekana kibonde pale wimbi linaponaswa. Kila leza inapogusa, kibonde kinasogea kushoto, kwenye mawimbi mafupi. Kikifika kwenye alama ya wimbi linalotakiwa, leza inazimwa.