Je, wajua kwa nini sanduku la fishi, yaani kadi za wagonjwa, linaweza kuishinda kompyuta?

Katika kituo kimoja cha afya hapa Katuba, Lubumbashi, mgonjwa akisema anaitwa Ilunga, mama wa mapokezi alifungua sanduku la mbao, vidole vikaenda moja kwa moja kwenye herufi I, na fishi ikawa mezani. Kisha ikaletwa kompyuta. Mwanzoni ilikwenda vizuri, lakini ziara zilipofika laki kadhaa, watu kwenye benchi wakaanza kunung'unika. Nilipoitwa, walikuwa wanachanga pesa za mashine mpya.

Mashine haikuwa na kosa. Fishi za mama zilifuata alfabeti, za kompyuta zilifuata namba ya kuingia. Ukiiuliza Ilunga, inasoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kuwa haijui akina Ilunga wamekaa wapi.

Dawa yake ni faharasa: orodha ya pembeni yenye majina yaliyopangwa, kila jina na alama ya mahali fishi yake ilipo. Orodha iliyopangwa unaikata nusu, kisha nusu ya nusu, na kati ya majina 1,000,000 utalipata lako kwa hatua 20 hivi. MySQL, programu ya kuhifadhi data waliyotumia wao, hupanga faharasa kama mti wa jamii ya B-tree, ambao Rudolf Bayer na Edward McCreight waliubuni wakiwa Boeing na kuuchapisha 1972. Kifundo kimoja cha mti huo hubeba mamia ya majina, basi ngazi tatu au nne zinatosha mamilioni.

Kwetu Kongo kuna mtego: mtu ana jina, postnomu (jina la pili linalolifuata) na prenomu (mara nyingi la ubatizo). Faharasa ya jina kisha postnomu haikusaidii ukijua postnomu tu. Hata mama angekwama, maana wenye postnomu Mwamba wametawanyika sanduku zima. Programu yao ilikuwa mbaya zaidi, ilitafuta herufi popote katikati ya jina, na hapo mpangilio wa alfabeti hauna kazi. Tukaifanya itafute kuanzia mwanzo wa jina, tukaongeza faharasa ya postnomu. Jibu likawa linakuja mgonjwa akiwa bado amesimama.

Msiweke faharasa kila mahali, kwani kila mgonjwa mpya lazima aandikwe ndani ya zote. Tangulizeni neno EXPLAIN mbele ya swali mnaloiuliza MySQL, iwaonyeshe itakavyotafuta. MySQL ikijibu ALL, inasoma jedwali zima. Jedwali la wafanyakazi wao lilionyesha ALL vilevile, tukaliacha: lina mistari 40.