Dawa ya minyoo si chanjo

"Daktari, nilimpa dawa mwezi uliopita, iweje ana minyoo tena? Ile dawa ni feki." Nimeshaizoea kauli hii hata jibu hunitoka kabla mwenye mbwa hajamaliza kusema. Mara nyingi dawa haina kosa lolote. Tatizo ni kwamba ilitarajiwa kufanya kazi ya chanjo.

Pirantelo, fenbendazoli na prazikwanteli huwashughulikia minyoo waliomo tumboni wakati huo, kisha mwili huzitoa. Hazibaki mlangoni zikilinda. Mbwa akilamba keshokutwa udongo wenye mayai ya minyoo, anaanza upya. Na udongo haukosi mayai: yale ya mnyoo mrefu mweupe anayefanana na tambi huweza kukaa ardhini miaka kadhaa yakisubiri wa kuyameza, awe mbwa au mtoto anayechezea mchanga. Yakitoka tu hayaambukizi. Huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Ndiyo maana nasisitiza kinyesi kizolewe siku hiyohiyo, na mbwa mkubwa apewe dawa walau kila miezi mitatu.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la watoto wa mbwa. Watu husubiri wafikishe miezi miwili, eti matumbo yao bado machanga na wananyonya tu, minyoo wangetoka wapi? Wanatoka kwa mama. Viluwiluwi vya minyoo hujificha katika misuli ya jike bila kumdhuru, na dawa ya kawaida haivifikii. Akishika mimba vinaamka, vinapita kwenye kondo hadi kwa watoto, na vingine hufuata na maziwa. Mtoto anaweza kuzaliwa tayari anao. Kwa hiyo dozi ya kwanza ni akiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wiki chache baada ya kuachishwa kunyonya, na mama anatibiwa pamoja nao. Minyoo wa safura wao hunyonya damu. Mtoto huyo ukimfunua mdomo unakuta fizi nyeupe kama karatasi, na wakati mwingine tumeshachelewa.

"Lakini nimekichunguza kinyesi, sikuona kitu." Ni kweli, kwa sababu mayai hayaonekani kwa macho. Sisi hukichanganya na maji ya chumvi au sukari nyingi ili mayai yaelee, ndipo tuyatazame kwa hadubini. Hata hivyo minyoo ambao hawajaanza kutaga hutuponyoka.

Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye manyoya karibu na mkia, hivyo ni vipande vya tegu, na pirantelo peke yake haimgusi tegu. Hapo inatakiwa prazikwanteli. Tegu huyo wa kawaida huingia mbwa anapojitafuna akameza kiroboto. Ukimtibu tegu ukawaacha viroboto, baada ya wiki tatu hivi punje zinaweza kurudi nawe utailaumu dawa. (Mbwa kuburuta makalio sakafuni, kwa upande mwingine, mara nyingi si minyoo bali ni tezi za mkunduni zilizojaa.)

Kuhusu kitunguu saumu: kwa mbwa kinaweza kuharibu chembe nyekundu za damu, na sijawahi kukiona kikimtoa mnyoo. Ivamektini ya ng'ombe inanitisha zaidi. Imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, na jamii ya mbwa kama Collie wengi wao wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo. Mtu anakadiria kwa macho, anavuta bomba la sindano, na jioni mbwa anatetemeka au hawezi kusimama.

Basi usikadirie. Mlete tumpime uzito kwanza, na ukija, fungia kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye mfuko uje nacho.