Kwa nini sikio lako linapitisha sentensi mbovu kwenye mtihani?

Soma hii haraka, usirudi nyuma: "Ubora wa maembe yanayouzwa kando ya barabara ya Tanga yameshuka sana mwaka huu." Kama haijakukwaruza popote karibu chamani, hata mi ingenipita. Sasa toa maembe na barabara uone kinachobaki: "Ubora yameshuka." Hapo hata mtoto wa darasa la tatu anacheka. Ilitakiwa umeshuka, maana kilichoshuka ni ubora, maembe yapo tu pale yanauzwa.

Maswali mengi ya kusahihisha sentensi yamejengwa juu ya kamchezo haka. TOEFL ITP, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha, ina sehemu nzima ya sarufi, maswali 40 kwa dakika 25. GMAT ya zamani, mtihani wa kuingia shule za biashara, ilikuwa inakupigia mstari kipande cha sentensi halafu inakupa machaguo matano, la kwanza likiwa sentensi ileile haijaguswa, mpaka toleo jipya lilipokuja mwishoni mwa 2023 likayatoa hayo maswali kabisa. SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, bado inauliza kwa staili yake.

Mi wakati najiandaa nilikuwa na kanuni moja tu, isome kimoyomoyo, inayosikika vizuri ndo hiyo hiyo. Nilijiamini kweli, Kiingereza cha muvi nimekila miaka, nikawa najibu fasta na kukosa fasta, na kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nakosa yale maswali niliyoyaona marahisi, yale magumu niliyoyakodolea macho nilikuwa napata. Nikajipa jibu kwamba tatizo ni sikio la mtu wa lugha ya pili, Mmarekani mwenyewe hawezi kunaswa hapa.

Kumbe wapi. Mwaka 1991 Kathryn Bock na Carol Miller, watafiti wa saikolojia ya lugha huko huko Marekani, walichapisha majaribio ambapo wanafunzi wa chuo, Kiingereza chao cha kuzaliwa nacho, walipewa mianzo ya sentensi waimalizie kwa mdomo. Mara nyingi walipatia, hilo lisemwe. Ila walipokosea walikosea kwa mpangilio: nomino ya kwanza umoja, ya pili wingi, na kitenzi kikaifuata ile ya pili kwa sababu ndo iliyokuwa jirani. Cha ajabu, ukigeuza, wingi utangulie na umoja ufuate, mtego unakaribia kufa. Na kwenye kusoma kuna ajabu nyingine, sentensi mbovu yenye chambo, yaani hiyo nomino jirani, inaonekana nzima, lakini sentensi nzima yenye chambo haionekani mbovu. Yaani sikio linadanganywa upande mmoja tu.

Kwa nini upande mmoja? Chukulia hosteli, saa mbili usiku, bodaboda kaleta chipsi. Kama mwenye oda alishashuka getini anasubiri, anapewa mkononi, hakuna kelele, biashara imeisha. Hiyo ndo sentensi sahihi: umeshasikia "ubora", akili inasubiri u-, u- imekuja, hamna cha kutafuta, maembe hata hayaulizwi. Sasa bodaboda mwingine kafika na mzigo ambao aliyeko getini anasema sio wangu. Anaanza kuita, "nani kaagiza ya mayai?", na jamaa aliyekaa kwenye ngazi, hajaagiza kitu ila ya mayai anaipenda, anaitika "mi hapa", anapewa, pikipiki inaondoka. "Yame-" imefika, ubora umeikataa, akili ikaita nani wa ya-, maembe yakaitika. Mzigo umepokelewa, hakuna kengele iliyolia. Akili haikukagua orodha toka juu, iliita kwa sifa na akaitika mwenye sifa.

Hayo ni maelezo yenye wafuasi wengi, sio pekee. Wapo wanaosema uharibifu unaanza mapema, wingi wa nomino ya pili unavuja na kuichafua ya kwanza kabla kitenzi hakijafika. Na mfano wa maembe ni wangu wa kusikia mitaani, majaribio ya 1991 yalikuwa ya Kiingereza chenye umoja na wingi basi, sisi tuna ngeli kibao, so usihamishe kila kitu kama kilivyo.

Kwenye karatasi dawa yake ni mkasi. "The list of items that the students need for the exams are on the door." Shika kitenzi, "are", uliza ni cha nani, halafu kata kila kilichoning'inizwa katikati kuanzia "of" mpaka "exams". Unabaki na "The list are on the door", kwisha habari. Na machaguo usiyasome yote kama gazeti, yashushie macho kutoka juu kwenda chini utafute yanapotofautiana, mawili yakiwa na "is" na mawili "are" ushafuta sehemu kubwa ya kazi kabla hujaelewa sentensi inahusu nini. Angalizo moja: Waingereza wanasema "the team are" bila wasiwasi, mitihani ya Kimarekani inataka "is".

Halafu kuna siku mkasi ulikata nyama. PSAT, yaani SAT ya mazoezi, ya Oktoba 2002 iliweka sentensi iliyosema kipaji cha Toni Morrison kinamwezesha kuandika riwaya, na jibu rasmi lilikuwa hakuna kosa. Mwalimu mmoja wa Maryland akapinga, akisema kiwakilishi, hapo "her", hakiwezi kumrudia mtu aliyetajwa kwa umiliki tu, pale kuna kipaji chake, yeye mwenyewe hayupo. Wanaisimu wakashangaa hiyo kanuni imetoka wapi, maana karibu kila mwandishi mzuri anaivunja, na kwetu hiyo -m- ya "kinamwezesha" inamrudia bi mkubwa bila mtu kuuliza. Waandaaji walibisha kwanza, halafu 2003 wakalifuta swali na kusahihisha upya.